Nani Atalipa Dinari Mbili?

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo linalojulikana katika kila nyumba, walakini watu hawapendi kulisema. Munganga amempima mgonjwa, ameujua ugonjwa, ameandika karatasi ya dawa. Mgonjwa anaichukua karatasi ile, anakwenda nayo kwenye dirisha la dawa, anaambiwa bei. Kisha anaikunja karatasi, anaitia mfukoni, anarudi nyumbani. Ugonjwa umejulikana. Dawa iko palepale nyuma ya dirisha. Kinachokosekana ni fedha tu.

Je, mtu huyo afanye nini? Aombe? Akope? Anyamaze? Na sisi tunaomwona akirudi na karatasi yake, tunapaswa nini? Tukimsaidia, tunamfanyia wema tu, au tunampa kilicho haki yake? Na yule muuguzi aliyekaa dirishani, je, ametenda dhambi kwa kukataa kutoa dawa bure? Haya ni maswali ya dhamiri. Yafaa Mkristu ayatazame vizuri kabla ugonjwa haujabisha hodi mlangoni pake.

MAMA WA VIDONGE KUMI

Katika parokia yetu kuna mama mmoja mjane, mtu wa sala, anayeuza mihogo na sombe. Alipimwa katika kituo cha afya, akaambiwa kwamba ana ugonjwa wa tansio, maana yake damu inasukumwa mwilini kwa nguvu kupita kiasi. Akaandikiwa vidonge 30, kimoja kila siku, na kurudi kupimwa mwisho wa mwezi. Fedha aliyokuwa nayo ilitosha vidonge 10. Akanunua 10. Halafu akafanya hesabu yake mwenyewe: kidonge kimoja kwa siku tatu, na mwezi utatimia.

Hakumwambia muuguzi. Hakumwambia mtoto wake. Hakumwambia mtu yeyote wa shirika lake. Mwezi wa pili akafanya vilevile. Kwa kuwa ugonjwa huu mara nyingi haumwumizi mtu, alidhani kwamba hesabu yake ni nzuri. Mwezi wa tatu, asubuhi moja alipoinama kuwasha moto, upande wake wa kuume ukalegea, na ulimi ukawa mzito.

Hakufa, Mungu ashukuriwe. Lakini mkono ule haumenyi mihogo tena. Nilipokwenda kumtazama nikamwuliza, «Mama, kwa nini hukutuambia?» Akajibu polepole, «Mwalimu, ningesemaje? Watu wangesema mama huyu ameanza kuombaomba.»

Nikarudi nyumbani, nikafungua kitabu cha zaka, maana mimi ndiye ninayekishika. Katika miezi ile mitatu, jina lake lina alama kila mwezi. Alikuwa amelipa zaka yake yote. Nami nilipokea fedha ile, nikaandika, nikamwambia, «Asante mama, Mungu akubariki.» Wala sikumwuliza hata mara moja juu ya afya yake. Huenda fedha ile ndiyo iliyokuwa fedha ya vidonge.

Nayaandika haya kwa sababu naamini kwamba mama huyu hayuko katika parokia yetu peke yake. Yuko katika parokia yako pia, naye Jumapili iliyopita alikaa katika benchi moja nawe.

I. JE, KUKOSA FEDHA YA DAWA NI AIBU?

Tuanze na mgonjwa mwenyewe, kwa maana mara nyingi aibu humwua mtu kabla ya ugonjwa.

Kumbukeni yule mwanamke wa Injili ya Marko aliyetokwa damu miaka 12. Mwinjili anatwambia kwamba alikwenda kwa waganga wengi, akatumia mali yake yote, wala hakupata nafuu. Basi ugonjwa ulikuwa umemfanya maskini. Naye alikuja kwa Bwana Yesu kwa nyuma, katika msongamano wa watu, akitaka kuponywa bila kuonekana. Bwana angeweza kumwacha aende zake kimya. Lakini alisimama, akauliza ni nani aliyemgusa, mpaka mwanamke akajitokeza akitetemeka na kusema kweli yote. Na Bwana hakumkaripia kwa kutumia mali yake yote. Alimwita binti yake mbele ya watu wote. Yaani alimponya ugonjwa, na tena alimponya kujificha.

Wazee wetu nao wanasema, «Mficha uchi hazai», na tena, «Mficha maradhi kifo humwumbua». Methali hizi hazisemi juu ya mtu mvivu. Zinasema juu ya mtu mwenye haya.

Wengine hujibu: «Lakini Mtakatifu Paulo alifundisha kwamba asiyefanya kazi asile.» Someni vizuri. Mtume alisema juu ya mtu asiyetaka kufanya kazi. Hakusema juu ya mtu asiyeweza. Mama anayeamka kabla ya jua kwenda sokoni na beseni la mihogo kichwani, naye hawezi kununua vidonge 30, hakosi bidii. Anakosa fedha. Kukosa bidii ni kosa. Kukosa fedha si kosa.

Tena tukumbuke Amri ya tano. Amri hii haitukatazi tu kuwaua wengine. Inatuagiza pia kuitunza zawadi ya uhai tuliyopewa. Mtu anayeacha dawa yake kwa kuona haya kuomba, anafikiri kwamba ni mnyenyekevu. Lakini unyenyekevu wa kweli ni kukubali kwamba mimi si Mungu, sijitoshelezi, nahitaji ndugu. Basi kuomba dawa wakati wa shida hakumvunjii Mkristu heshima. Ni wajibu wake.

Na wale wanaowaambia wagonjwa watupe vidonge vyao ili waonyeshe imani, wanapotosha. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anafundisha kwamba Mungu ndiye aliyeziumba dawa katika ardhi, na mtu mwenye akili hazidharau. Anamfundisha mgonjwa asali, kisha ampe munganga nafasi yake. Mambo haya mawili hayapingani.

II. JE, MUUGUZI AMETENDA DHAMBI?

Sasa twende kwenye dirisha la dawa. Mtu aliyekosa dawa humkasirikia kwanza yule anayemwona, naye ni muuguzi. Husema, «Yule hana moyo. Dawa ziko kabatini, naye ananiacha nife.»

Tutazame ukweli kabla ya kuhukumu. Mwaka 1987 mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako, nchini Mali, pamoja na Shirika la Afya Duniani na Unicef. Siku zile hazina za nchi nyingi zilikuwa tupu, na katika disipanseri nyingi vijijini hamkuwa na hata kidonge. Wakaona njia hii: kila kituo kipewe dawa za lazima, mgonjwa alipe bei ndogo, na fedha ile inunue dawa nyingine. Vituo vingi vya nchi yetu vimeishi kwa njia hiyo, hata vile vya misioni. Mahali pengi mishahara ya wafanyakazi nayo hutoka katika fedha ya wagonjwa.

Basi fikirini. Muuguzi akitoa vidonge 30 bure kwa watu kumi leo, na kumi wengine kesho, itakuwaje? Kabati litakuwa tupu. Atakapokuja mtoto mwenye malaria kali, hata kama baba yake ana fedha, hatapata kitu. Fedha anayodai muuguzi ndiyo itakayoleta dawa ya mgonjwa wa mwezi ujao. Kwa hiyo kudai bei ya haki si dhambi.

Mtu atasema: «Mbona Watakatifu Kosma na Damiano, tunaowakumbuka tarehe 26 Septemba, walitibu bila malipo?» Ni kweli, na Kanisa linawasifu kwa hilo. Lakini utakatifu wa mtu mmoja haugeuki kuwa deni la mwingine. Muuguzi mwenye watoto sita, asiyepata mshahara wa serikali, hawezi kuamriwa na jirani zake awe mtakatifu kwa niaba yao wote.

Walakini muuguzi na munganga wanaweza kukosa, tena vibaya, katika mambo haya. Akiandika dawa tano mahali ambapo mbili zatosha, apate kuuza, anaiba. Akijua kwamba iko dawa ya namna ile ile kwa bei ndogo, naye akanyamaza, anaiba. Akimkaripia maskini mbele ya watu, anamtia jeraha la pili. Na wale wanaomzuia mama aliyejifungua asirudi kwake, wiki mbili, wiki tatu, mpaka ndugu walipe, wanakosea haki ya binadamu. Deni ni deni, lazima lilipwe. Lakini mtu si mbuzi wa rehani.

III. DINARI MBILI

Hapa ndipo tunapokwama. Mgonjwa hawezi kulipa, na kukosa fedha si dhambi. Muuguzi hawezi kutoa bure, na kudai bei ya haki si dhambi. Je, dhambi iko wapi basi, maana mtu anakufa?

Tusome tena mfano wa Msamaria mwema katika Injili ya Mtakatifu Luka. Sisi wakatekista tumeufundisha mara nyingi. Tunasema juu ya kuhani na Mlawi waliopita kando. Tunasema juu ya mafuta na divai, na juu ya mnyama aliyembeba majeruhi. Lakini mara nyingi tunasahau mwisho wake. Asubuhi yake, Msamaria alitoa dinari mbili, akampa mwenye nyumba ya wageni ili amtunze yule mtu, akaahidi kwamba akitumia zaidi, atamlipa yeye mwenyewe atakaporudi.

Angalieni mambo matatu hapa.

Kwanza, hakumwambia mwenye nyumba, «Mtunze bure, nawe utalipwa mbinguni.» Alijua kwamba chakula kina bei, kitanda kina bei, kitambaa cha kufungia jeraha kina bei.

Pili, hakutoa masalio ya mfukoni. Katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu tunaona kwamba dinari moja ni mshahara wa siku moja. Basi alitoa jasho la siku mbili kwa ajili ya mtu asiyemjua.

Tatu, hakuacha jambo nusu. Alijua kwamba jeraha haliponi kwa siku moja, akajifunga kwa gharama ya siku zilizosalia.

Ndugu, katika mfano huu wako watu watatu: majeruhi asiyeweza kulipa, mwenye nyumba asiyeweza kuwalisha wote bure, na mtu wa tatu anayesimama kati yao. Katika kila kituo cha afya cha nchi yetu, mtu wa kwanza yuko na mtu wa pili yuko. Mtu wa tatu ndiye anayekosekana. Dhambi iko pale penye nafasi yake tupu.

Mtu huyo wa tatu ni nani? Wa kwanza ni jamaa. Mtoto anayenunua pombe kila jioni naye anajua kwamba mama yake amekosa vidonge, asiende kupokea Komunyo kana kwamba hakuna neno.

Serikali nayo ni mtu wa tatu. Baba Mtakatifu Yohane wa XXIII, katika barua yake «Pacem in terris» ya tarehe 11 Aprili 1963, alihesabu matibabu kati ya haki za kila mtu. Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006 nayo, katika kifungu cha 47, inathibitisha haki ya afya. Hatuombi hisani tukiikumbusha Serikali wajibu wake. Tena tuseme kweli, ziko hatua zilizofanyika. Dawa za kifua kikuu na za ukimwi hutolewa bure katika vituo vilivyowekwa kwa kazi hiyo. Mwezi wa Septemba 2023 Serikali ilianza Kinshasa mpango wa kuwalipia akina mama wanaojifungua, kisha mpango huo ukapelekwa katika majimbo mengine. Lakini mjane wetu hakuwa na kifua kikuu, wala hakuwa na mimba. Haki iliyoandikwa Kinshasa haijafika bado katika kikapu chake cha dawa.

Basi aliyebaki ni jirani, ndiyo mimi na wewe. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba mtu aliye katika shida kubwa ya kufa, akitwaa kile cha lazima cha kumwokoa, hahesabiwi mwizi, kwa maana Mungu aliweka mali ya dunia kwa ajili ya watu wote. Sisemi watu waende kuvunja kabati la dawa! Dawa zile si mali ya ziada ya tajiri, ni akiba ya wagonjwa wengine. Lakini fundisho hili linatuonyesha uzito wa wajibu wetu. Kile kinachonizidi, jirani yangu akiwa karibu kufa kwa kukikosa, si changu tena kwa namna ile ile. Nikimpa, sina sababu ya kujisifu kama mfadhili. Nimelipa deni. Ndiyo sababu nasema: fedha ya dawa kwa mgonjwa maskini ni mapendo, na tena ni haki.

IV. MSAADA ULIOTAYARISHWA MAPEMA

«Lakini sisi husaidiana,» mtasema. «Mtu akilazwa, tunachanga.» Ni kweli, na ni desturi njema. Hata hivyo michango ina makosa mawili.

Kosa la kwanza, huja nyuma ya ugonjwa. Mpaka orodha izunguke mtaani, ugonjwa umekwisha kutangulia. Kosa la pili, hufuata upendeleo. Mwenye ndugu wengi na sauti kubwa hupata upesi. Mgeni, mkimbizi wa vita, mjane mkimya, hupata kidogo au hapati. Tena michango huja kwa ajili ya kitanda cha hospitali na kwa ajili ya jeneza. Nani amewahi kuona watu wakichangia vidonge vya tansio vya mtu anayetembea kwa miguu yake?

Kanisa la kwanza lilikutana na shida hiyo hiyo. Matendo ya Mitume, sura ya 6, yanatwambia kwamba wajane fulani walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Mitume hawakuhubiri tu kwamba watu wapendane zaidi. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, wawekwe juu ya kazi hiyo. Naye Mtakatifu Paulo, alipowaandikia Wakorinto juu ya msaada kwa ndugu wa Yerusalemu, aliwaagiza kila mtu aweke kitu akiba siku ya kwanza ya juma, kadiri ya mapato yake, ili michango isianze wakati atakapofika. Mnaona? Tangu mwanzo Wakristu walijua kwamba mapendo yasiyo na utaratibu humsahau mtu mkimya.

Vyama vya kusaidiana kwa matibabu, ambavyo kwa Kifaransa huitwa «mutuelles de santé», ni fundisho hilo la Paulo likivaa nguo za siku zetu. Kila jamaa inalipa kiasi kidogo kwa mwaka. Wenye afya na wagonjwa, wote wanalipa. Anayeugua analipiwa sehemu kubwa na chama, naye analipa sehemu ndogo. Katika nchi yetu jambo hili si geni. Huko Bwamanda, kaskazini-magharibi mwa nchi, chama cha namna hiyo kwa ajili ya gharama za hospitali kilianzishwa mwaka 1986. Watu waliandikwa jamaa nzima, nao walilipa katika majira ambayo fedha ya mavuno iko mkononi. Baadaye vyama vingine vimesimamishwa katika majimbo mbalimbali, vingi kwa msaada wa Kanisa, na sheria ya tarehe 8 Februari 2017 imeweka taratibu zao.

Najua neno ambalo watu husema: «Nimelipa mwaka mzima, sikuugua hata siku moja. Fedha yangu imepotea.» Ndugu, Msamaria naye alilipa dinari mbili, wala hakuwa na jeraha. Je, fedha yake ilipotea? Ilimponya mtu. Ukilipa bila kuugua, umepata mambo mawili: Mungu amekulinda, na fedha yako imemwinua mwenzako. Mwaka ujao huenda ikawa zamu yako.

Neno lingine ni zito zaidi: «Mtunza sanduku atakula fedha.» Hilo limetokea mahali pengi, wala sitaficha. Dawa yake ni hii: watu watatu washike sanduku, hesabu zisomwe mbele ya wote, na mwizi asionewe haya kwa sababu ni mjomba wa mtu fulani. Mwenye kula fedha ya dawa anakula mwili wa mgonjwa.

Tena, kabla ya kuingia katika chama chochote, uliza: kinalipa nini, wala hakilipi nini? Vyama vingine hulipa kulazwa na kupasuliwa, lakini havilipi dawa za kila siku za magonjwa yasiyokwisha, kama tansio na ugonjwa wa sukari. Mama yetu wa vidonge kumi angeweza kuwa mwanachama, naye akakosa bado. Kwa magonjwa hayo, shirika lenyewe la mtaa lazima liwe na kisanduku chake.

V. MAMBO YA KUFANYA

Ewe mgonjwa, usikunje karatasi na kunyamaza. Fanya hivi.

1. Mwambie munganga au muuguzi fedha uliyo nayo kabla hajaandika, au rudi kwake ukishasikia bei. Mwulize, «Kati ya dawa hizi, ipi ni ya lazima zaidi? Iko nyingine ya kazi ile ile kwa bei ndogo?» Swali hili halimtukani.

2. Omba dawa kwa jina lake lenyewe, si kwa jina lililowekwa na kiwanda. Mara nyingi dawa ni moja, kiwanda mbalimbali, na bei huachana sana. Tangu mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani linatoa orodha ya dawa za lazima, na nyingi kati yake hupatikana kwa bei ndogo.

3. Uliza kama ugonjwa wako umo kati ya ile inayotibiwa bure. Wako watu waliouza shamba kwa ajili ya dawa ambayo wangepewa bila malipo.

4. Usikate dawa kwa hesabu yako mwenyewe, wala usigawane vidonge na jirani, wala usinunue vidonge vya kumwagwa vinavyouzwa sokoni juani. Dawa ya uongo ni ghali kuliko dawa ya kweli, maana unalipa fedha na unabaki na ugonjwa.

5. Ikiwa yote yameshindikana, peleka karatasi kwa mkubwa wa shirika lako, au kwa Karitasi ya parokia, au kwa kamati ya afya ya mtaa. Ukiwa katika chama cha kuweka na kukopa, kile ambacho wengi huita AVEC, kumbuka kwamba kwa kawaida kina sanduku la msaada kwa shida kama hizi.

Nanyi wakubwa wa mashirika, pokeeni karatasi ile kama mnavyopokea siri. Msisome jina la ugonjwa mbele ya mkutano. Yafaa mmoja wenu aende mwenyewe dirishani, alipe palepale, alete dawa. Hivyo fedha haipotei njiani, na mgonjwa haonyeshwi kidole.

Tena msingoje karatasi. Wazee walisema, «Mgonjwa haulizwi uji», maana hali yake yatosha kusema. Lakini magonjwa kama tansio na sukari hayaonekani usoni. Hayo yahitaji kuulizwa.

MANENO YA MWISHO

Tangu siku ile nilipofungua kitabu cha zaka, nimejiwekea sheria moja. Mtu mzima anapokuja kulipa zaka, kabla sijaandika alama namwuliza, «Dawa ipo nyumbani?» Wengi hucheka na kusema, «Mwalimu, mimi ni mzima.» Wachache hunyamaza kwanza, kisha huketi. Hapo najua kwamba zaka ya mwezi ule sitaipokea, nami nimekubaliana na Padri juu ya jambo hilo.

Shirika letu sasa lina kisanduku. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kila nyumba inaleta kitu: fedha kidogo, au kikombe cha maharage tunachouza. Kisanduku kile kinalipa dawa za kila mwezi za watu wanne. Wanne tu. Iko karatasi ya mtu wa tano, nayo imekaa katika kitabu changu, kwa sababu maharage hayajatosha. Kila ninapofungua kitabu naiona. Siwezi kumwambia muuguzi ampe bure. Siwezi kumwambia mgonjwa angoje bila kufa. Naweza tu kugonga mlango mwingine, na mwingine tena.

Na yule mama wa vidonge kumi? Yeye ni mmoja wa wale wanne. Lakini Jumapili ya kwanza ya mwezi, naye analeta kikombe chake cha maharage, anakishika kwa mkono wa kushoto. Nilipomwambia kwamba yeye halazimiki kutoa, akanijibu, «Mwalimu, mbona unaninyima nafasi yangu?»

Ndugu wasomaji, alikuwa na haki ya kunikaripia. Katika mfano wa Bwana wetu, hakuna aliyeandikiwa kuwa majeruhi siku zote, wala kuwa Msamaria siku zote. Leo mimi niko juu ya mnyama, kesho niko njiani nimelala. Tutayarishe dinari mbili wakati tungali na nguvu. Na Jumapili ijayo, baada ya Misa, umwulize mtu mmoja unayesalimiana naye kila mara kwa mkono tu: «Dawa ipo nyumbani?» Halafu usiondoke upesi. Ngoja jibu.